Mhadhara wa Allamah wa Mandhari, Pamoja na Hukumu Juu ya Futi 370 Zilizozidi Kilimanjaro

Waheshimiwa wazee, mabibi na mabwana, masahibu wa ilimu, na ninyi vijana mliochagua kukaa nyuma karibu na mlango kwa nia ambayo haifichiki:

Ama baada ya salamu na taadhima, nawashukuru kwa kunialika, ingawa insafu yanilazimu kusema kwamba shukrani hizi zilipasa kutoka kwenu kuja kwangu, kwa maana mtu aijuaye mandhari ya hadithi fupi kama niijuavyo mimi hapatikani kila msimu, na yumkini baada yangu asipatikane tena. Cheo cha Allamah wa Mandhari sikutunukiwa na chuo chochote; nilijitunuku mwenyewe, baada ya kutazama kuume na kushoto nikaona kwamba hapakuwapo mtu mwenye maarifa ya kutosha kuupima ustahiki wangu. Wapo mahasidi wanaolitaja jambo hilo kwa kebehi. Nawajibu kwamba kadhi wa kwanza duniani hakumpata kadhi mwingine wa kumthibitisha, na hukumu zake zilipita vivyo hivyo.

Mada ya leo ni namna ya kuchambua mandhari katika hadithi fupi kwa msaada wa tafiti za wanazuoni. Nyote mmefundishwa shuleni kwamba kazi ya fasihi ina fani na maudhui, na kwamba katika fani, baada ya muundo, mtindo, wahusika na matumizi ya lugha, ndipo huja mandhari, mwishoni kabisa, wakati ambapo kengele inakaribia kulia na wino unakaribia kwisha. Hapo mtahiniwa huandika sentensi moja, kwamba mandhari ya hadithi hii ni ya mjini na kijijini, akapewa alama zake mbili, akaenda zake mustarehe. Sentensi hiyo imeninyima usingizi. Mji gani? Kijiji kipi? Kiko mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Upepo uvumao hapo ni kusi au kaskazi? Nani aliyekwenda kupima, na kwa amri ya nani?

Jambo hili, waungwana, si dogo mbele ya wanazuoni wa dunia. Mrusi Mikhail Bakhtin, katika miaka ya 1937 na 1938, aliandika tasnifu ndefu kuonyesha ya kwamba ndani ya hadithi wakati na mahali havitengani, bali hufungamana vikawa kitu kimoja, alichokiita kronotopu. Na tasnifu hiyo ikangoja hata mwaka 1975, mwaka wa kufa kwake, ndipo ilipotoka kitabuni. Wasimuliao maisha yake husema kwamba wakati wa vita, tumbaku ilipokuwapo na karatasi ikakosekana, alizisokotea sigara kurasa za mswada wake mwingine akazivuta. Ni msiba, lakini ni msiba wenye heshima. Miswada yangu mimi haijapata kuombwa hata na wauza karanga. Mfaransa Gaston Bachelard, katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya ushairi wa mahali, aliichungua nyumba toka darini hata chumba cha chini ya ardhi, akaingia katika madroo, makabati, viota, makombe na pembe za vyumba, akidhihirisha jinsi kila kificho kinavyohifadhi ndoto za aliyekaa humo. Na Mwitalia Franco Moretti, mwishoni mwa karne ya ishirini, alitoa atlasi ya riwaya za Ulaya, akachora katika ramani wapi mashujaa wa vitabu huzaliwa, husafiri na huoa. Watu hawa watatu nawaheshimu mno, nami huwataja pamoja kila niwezapo, kwa kuwa msikilizaji aliyetajiwa Mrusi, Mfaransa na Mwitalia kwa pumzi moja hana tena nguvu za kuuliza swali.

Ilimu yangu imesimama juu ya kaida tatu. Kaida ya kwanza: anza na ramani, wala usianze na hadithi. Najua kwamba Mmarekani Edgar Allan Poe, mwaka 1842, alipokuwa akikihakiki kitabu cha Nathaniel Hawthorne, alishikilia kwamba hadithi fupi isomwe kwa mkao mmoja, na kwamba kila neno lake lielekee athari moja iliyokusudiwa tangu mwanzo. Shauri hilo lamfaa msomaji asiye na kazi. Mhakiki wa kweli hukaa mikao mingi, na katika mikao hiyo yote haingii hadithini, bali huizunguka. Kaida ya pili: kila kitu kilichotajwa na kihesabiwe. Kaida ya tatu, ambayo ndiyo nguzo ya jina langu: popote ambapo mahali pa hadithi pahitilafiana na mahali pa kweli, mwandishi amekosa, na kosa hilo liandikwe dhidi yake kwa wino usiofutika.

Na sasa tuitie ilimu kazini. Mwezi wa Agosti mwaka 1936, katika jarida la Marekani liitwalo Esquire, Ernest Hemingway alichapisha hadithi yake "The Snows of Kilimanjaro", inayozitaja theluji za mlima wetu wenyewe. Alikuwa amekuja huku kuwinda toka mwishoni mwa 1933 hata mwanzoni mwa 1934, akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akachukuliwa kwa ndege ndogo toka nyikani hata Nairobi kutibiwa, na katika safari hiyo akauona mlima. Hayo ndiyo maisha yake. Katika hadithi, mwandishi mmoja aitwaye Harry amelala juu ya kitanda cha kambini, mguu wake unaoza kwa donda lililoanzia katika mchubuko wa mwiba, ambao hakuutia dawa ya iodini siku aliponyemelea kundi la kuro ili awapige picha. Mkewe Helen yu ubavuni pake. Lori limeungua beringi. Ndege inangojwa na haiji. Lakini kabla ya hayo yote mwandishi ameweka dibaji fupi sana juu ya mlima, na katika dibaji hiyo ndipo ilimu yangu ilipotia nanga, wala haijang'oa mpaka leo.

Dibaji yaupa mlima futi 19,710. Vuteni pumzi, waungwana, kwa maana hapa pana jinai. Kilele cha Kibo, kwa kipimo kilichotokana na upimaji wa mwaka 1952, kina mita 5,895, ambazo ni futi 19,341. Kwa hiyo Bwana Hemingway ametuzidishia futi 369, ambazo mimi, kwa ajili ya heshima ya mlima, nimezikamilisha kuwa 370. Wapo watetezi wake wasemao kwamba hakukibuni kipimo kile, kwamba ndicho kilichokuwa kikichapwa vitabuni tangu zama za Wadachi, baada ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kufika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na kwamba mtu aandikaye mwaka 1936 halaumiwi kwa kutoyajua yaliyopimwa miaka 16 baadaye. Udhuru huo naukataa katakata. Mwandishi wa hadithi fupi ana wajibu wa kungoja.

Dibaji yaendelea kutaja kilele cha magharibi, ambacho Wamasai wamekiita nyumba ya Mungu. Sasa, mlima una vilele vitatu: Shira upande wa magharibi, Kibo katikati, na Mawenzi upande wa mashariki. Magharibi ya haki, basi, ni Shira, ambacho kwa mita zake 3,962 hakina theluji ya kudumu wala cha kujivunia mbele ya ndugu zake. Ilhali mwandishi bila shaka alikusudia Kibo, kilicho magharibi ya Mawenzi. Nimejaza kurasa nyingi juu ya neno hilo moja, magharibi, na hitimisho langu ni kwamba swali libaki wazi, ili lipate kunilisha. Nawaonya pia watafiti chipukizi wasiichanganye nyumba hiyo na Bwawa la Nyumba ya Mungu lililo kusini ya Moshi, lililojengwa katika miaka ya 1960. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekwenda huko kutafuta chui alirudi na perege.

Chui huyo ndiye aliyewatoa jasho wanazuoni. Dibaji yasema kwamba karibu na kilele upo mzoga wa chui uliokauka na kuganda, na kwamba hapana aliyepata kueleza mnyama yule alikuwa akitafuta nini mahali pa juu kiasi kile. Mwaka 1960 mhakiki Robert Stephens aliandika juu ya kitendawili hicho katika jarida la American Literature, akatugeuza kuelekea kitabu cha Hans Meyer, ambaye alisimulia habari za kukuta mzoga wa mnyama wa jamii ya paa huko juu Kibo. Mwaka 1971 mhakiki mwingine, John Howell, akaturudisha kwa Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyezaliwa Urusi akafanya kazi yake miongoni mwa watu wa Kilimanjaro na Meru, ambaye mwaka 1926 alimkuta chui mwenyewe, ameganda karibu na ukingo wa kasoko. Mpaka leo kasoko hiyo yaitwa kwa jina la Reusch, na mahali pale paitwa kwa jina la chui. Tena yasimuliwa kwamba mchungaji alimkata mzoga sikio moja liwe ushahidi. Hapo ndipo wahakiki wote walipolala usingizi, nami peke yangu nikakesha. Kwa maana ikiwa sikio moja lilikwisha kuondoka mwaka 1926, au muda mfupi baada yake, chui wa mwaka 1936 ana masikio mangapi? Hadithi haisemi. Bakhtin hasemi. Mimi nimelisema, na kabla yangu hapana.

Tuingie katika kaida ya pili. Kambi imepigwa chini ya mti ambao mwandishi ameuita mimosa. Wazungu wa zama zile waliita hivyo migunga yetu, kwa hiyo katika daftari langu nimeusajili kuwa mgunga. Vitu vingine nilivyovisajili ni hivi: hema, vitanda vya kambini, lori bovu, moto wa kuni, wiski na soda, tumbusi waliotua karibu pasipo kualikwa, fisi apitaye usiku, mtumishi aitwaye Molo ambaye kila aitwapo huitika kwa kutaja bwana, na mgonjwa mmoja asiye na umuhimu wa kijiografia. Zaidi ya hayo mgonjwa huyo ana tabia ya kukumbuka mahali pengine: stesheni ya Karagatch, milima ya Bulgaria, mji wa Schruns huko Austria, Constantinople, na mtaa wa mafukara pembeni ya uwanja wa Contrescarpe mjini Paris. Mahali hapo pote si Tanganyika, wala hapaonekani kutoka kambini hata kwa darubini. Kwa hiyo nimepafuta, ili mandhari ibaki safi.

Mwishoni ndege ndogo ya aina ya Puss Moth yafika, na rubani Compton anamchukua mgonjwa, akisema kwamba itawapasa kushuka Arusha kutia mafuta. Yapaa, na badala ya kushika njia ya Arusha, yageuka kushoto, yapita juu ya wingu la nzige, yapenya mvua ya dhoruba, na mara mbele yake watokeza mlima, mpana, mrefu, mweupe, umejaza macho. Kushoto hiyo nimeitafuta kwa dira. Nimekadiria mafuta. Nimepima uzito wa abiria, pamoja na mguu wenyewe, na mwelekeo wa upepo wa msimu. Nimethibitisha kwamba rubani yule amevunja kanuni, na mswada wa mashtaka ninao hapa mkobani.

Naona mkono umeinuka huko nyuma. Haya, binti yangu, sema, lakini kwa muhtasari.

Mabibi na mabwana, kwa faida ya walio mbali, nayakariri maneno ya binti huyu, pasipo kuyaidhinisha. Asema kwamba ndege ile haikuja. Asema kwamba asomaye mpaka ukurasa wa mwisho atamsikia fisi akilia nje ya hema, atamwona Helen akiamka na kuwasha kurunzi, na atamkuta Harry amekwisha kukata roho pale pale kitandani. Na kwamba safari nzima, pamoja na ile kushoto niliyoitafuta kwa dira, ilikuwa ndoto ya mtu anayekufa. Asema tena kwamba mahali nilipopafuta ndipo penye ufunguo, kwa kuwa katika kumbukumbu zile theluji inaanguka tangu mapema, huko Bulgaria na huko Austria, katika fahamu za mtu aliyelala kwenye joto la nyika. Hata theluji ya Kibo itokeapo mwishoni si ngeni tena, bali ni ile ile iliyokuwa ikimjia tangu alipolala. Mwandishi, kwa kauli yake, ameigawa hadithi katika mahali pawili: chini kuna joto, harufu ya donda, tumbusi, na vitabu ambavyo mtu aliahirisha kuviandika mpaka siku zikampita, juu kuna baridi, weupe, na mzoga usiooza. Mtu anaoza chini hali mnyama amehifadhika juu. Na juu ya wanazuoni, binti huyu asema kwamba utafiti wao una manufaa makubwa ambayo mimi nimeyapita bila kuyaona: kwa kutuonyesha kwamba Reusch alimkuta chui kweli kweli, wametujulisha kwamba mwandishi hakumbuni, alilolibuni ni kumlaza mlangoni mwa hadithi na kukataa kueleza alichokuwa akikitafuta. Hata futi 19,710, asema, zina kazi yake, maana dibaji yajifanya kuwa ukurasa wa kitabu cha jiografia, kavu, yenye tarakimu na majina, ili swali lisilo na jibu lijapo, limkute msomaji amekwisha kuamini.

Swali hili, wapenzi wasikilizaji, lina makosa matatu, nami nayataja kwa upole. Kosa la kwanza, binti huyu ameisoma hadithi, jambo ambalo halikutakiwa, na ambalo si uungwana kuwafanyia wenzake waliokuja hapa wakiwa sawasawa. Kosa la pili, amempa mgonjwa cheo kikubwa kuliko mlima, na hali mlima ni mkubwa zaidi, kama yeyote awezavyo kuhakikisha kwa kutoka nje na kutazama. Kosa la tatu ni zito kupita yote: amewatumia wanazuoni ili kuielewa hadithi, na hali wanazuoni, tangu ilimu kuwako, huwekwa mbele ya hadithi ili isionekane. Keti, binti yangu. Mungu akupe umri.

Kabla sijauacha mlima, nina tahadhari ya kuitoa kwa watafiti wote. Barafu ya Kilimanjaro, ambayo mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12 hivi, katika muda wa miaka takriban mia moja imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na wajuzi wa hali ya hewa wamesema kwamba haina maisha marefu. Wengine wamelia kwa ajili ya mito na mashamba. Mimi nimelia kwa ajili ya kaida ya tatu. Kwa maana siku itakapoyeyuka yote, jina la hadithi litahitilafiana na mahali pa kweli, na mwandishi, ambaye tayari anadaiwa futi 370, atashtakiwa pia kwa theluji. Kwa rehema nimemwandalia jina badala, "Mawe ya Kilimanjaro", na warithi wake wanaweza kulichukua bure.

Nikiongozwa na insafu, sitaki ionekane kwamba namwandama Mmarekani peke yake. Mwairish James Joyce, katika kitabu chake Dubliners kilichotoka mwaka 1914, ana hadithi iitwayo "Araby", ambayo nilipoliona jina lake nilifurahi, nikidhani kwamba sasa tumefika kwetu pwani, ambako Arabuni yajulikana kwa majahazi, tende, halua na ubani. Kumbe hadithi yenyewe iko Dublin, katika mtaa wa North Richmond, mtaa wa kweli ambao watu wa jamaa ya Joyce walipata kuukaa, nao hauna njia ya kutokea upande wa pili. Mwandishi kwa lugha yake auita kipofu, na hapo sina ugomvi naye, maana nimetazama ramani. Kijana mmoja wa mtaa huo ampenda dada wa rafikiye, amwahidi zawadi toka katika tamasha liitwalo Araby, amngoja mjomba mwenye kumpa fedha, mjomba achelewa, na kijana afika tamashani usiku, karibu na saa ya kufunga.

Hapa utafiti umefanya kazi njema. Tamasha lilikuwako kweli. Lilifanyika Dublin toka tarehe 14 hata 19 Mei 1894, kwa kuchangia hospitali ya mtaa wa Jervis, nalo lilitangazwa kwa mbiu kubwa kuwa sherehe ya mashariki yenye kila aina ya maajabu, na watu walikwenda kwa maelfu. Joyce alikuwa na umri wa miaka 12. Sasa tazameni alivyoliandika: ukumbi una giza sehemu kubwa, vibanda karibu vyote vimefungwa, kimya chake ni kile cha kanisa baada ya ibada, na katika kibanda kilichobaki msichana aongea upuuzi na mabwana wawili wenye lafudhi ya Kiingereza, mbele ya vyombo vya kauri na seti za chai zenye maua. Nauliza: tende ziko wapi? Udi uko wapi? Arabuni gani hii ambayo mtu aifikia akakuta birika la Kiingereza? Kijana wa watu amekwenda masafa yote yale, moyo wake umejaa jina la mahali, na mahali penyewe, alipopafikia, hapakuwa na kitu chochote kati ya vile vilivyoahidiwa na jina, ila giza, hesabu ya senti, na watu wasiomjali! Amesimama pale akajiona mpumbavu, macho yamemwaka kwa uchungu! Huu ni uzembe wa mwandishi usio na mfano, kwa kuwa magazeti ya Dublin ya mwaka 1894 yangaliweza kumpa taa zote alizozihitaji.

Mkono ule umeinuka tena. Siuoni.

Na ili isisemwe kwamba nawaogopa wa kwetu, nitamgusa hata Shaaban Robert, ingawa kitabu chake Kusadikika, cha mwaka 1951, si hadithi fupi kwa kipimo cha Poe, isipokuwa kwa msomaji mwenye mkao mrefu. Nchi ya Kusadikika imetundikwa angani. Imepakana na pande sita, kwa kuwa pamoja na pande nne zinazojulikana ina mpaka na mbingu juu na ardhi chini; wajumbe wametumwa kila upande wakaleta habari za mambo mema, na kila aliyerudi alilipwa kifungo. Wahakiki wengi wameona ndani yake Tanganyika chini ya Waingereza, serikali isiyotaka kuambiwa, na mtu mmoja, Karama, asimamaye mbele ya baraza kuitetea haki kwa hoja. Yote hayo sikatai. Nasema tu kwamba hapakuambatishwa ramani. Nilipokwenda kuiomba katika ofisi moja ya upimaji, nikamweleza karani kwamba nchi yenyewe iko hewani na kwamba nahitaji kimo chake kwa mita, alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa huruma kama nimekula. Nikaona kwamba ujinga wa mandhari umefika hata serikalini. Nchi isiyo na mahali popote, ambayo kila msomaji wa mwaka 1951 aliijua mara alipoifungua, na ambayo msomaji wa leo bado aweza kuitambua bila kuonyeshwa, imekwepa vifaa vyangu vyote, nami siwezi kuisamehe.

Saa inanihimiza, kwa hiyo natoa hukumu. Ernest Hemingway aurudishie mlima futi 370, aamue chui wake ana masikio mangapi, na aishushe ndege Arusha kutia mafuta kabla ya mtu wake kufa. James Joyce awashe taa ukumbini, aite wauza ubani, na amwelekeze mjomba awahi nyumbani, ili kijana afike mchana, anunue zawadi yake, na hadithi iishe kwa furaha na kwa usahihi. Shaaban Robert, kwa heshima zote anazostahili, aishushe nchi yake chini, mahali panapofikika kwa basi. Kwa marekebisho hayo machache, hadithi hizo zitalingana na dunia kwa ukamilifu hata pasiwepo tena sababu ya mtu yeyote kuziandika, na hapo ndipo ilimu yangu itakapokuwa imefikia ukomo wake.

Nawasihi, basi, ninyi mlio wachanga katika fani hii, mshike niliyowafundisha wala msibabaishwe na wale wasemao kwamba mtafiti huenda mahali pa kweli ili arudi hadithini na kuona mwandishi amebadili nini, na kwa nini. Hao ni watu wa njia fupi. Mhadhara ujao utahusu vimo vya milango katika hadithi za Afrika Mashariki, na kiingilio kitalipwa kwanza. Atakayehudhuria na aje na futi kamba, dira na daftari nene. Hadithi zenyewe aziache nyumbani, kwa maana imenithibitikia leo kwamba mtu aliyekwisha kuzisoma hafundishiki.